Mtoto hajatembea, mzee kapata kiharusi: mambo ya mazoezi hapa Dar, unaanzia wapi na nyumbani unafanya nini

Kwenye magrupu ya wasap ya wazazi swali hili halikosekani, mtoto ana mwaka na miezi minane hajasimama nimpeleke wapi, na kabla hujamaliza kusoma majibu yashajaa, mara mfukie mchanga pale ufukwe wa Coco mpaka kiunoni, mara mkate udata, kile kikamba cha chini ya ulimi, ataongea tu, mara kuna mzee Mbagala anachua balaa. Kwa wakubwa nako hivyo hivyo, mzee kapata kiharusi, kalazwa, karuhusiwa, kwenye karatasi kuna neno moja tu "fizio" na hakuna aliyekaa na familia akawaambia hiyo fizio ni nini na inafanywa mpaka lini. Nyumbani kwetu tunao wote wawili, mdogo wetu ana mtindio wa ubongo na baba alipata kiharusi, kwaiyo mabenchi ya idara ya mazoezi nayajua vizuri.

Kitu cha kushika kabla ya vyote: pale hospitali unapewa nusu saa hivi, mara moja au mbili kwa wiki ukibahatika. Masaa mengine yote mgonjwa yuko na nyie. Yani hospitali mnaenda kufundishwa, mazoezi yenyewe yako nyumbani. Ukilielewa hilo hata namna ya kuchagua hospitali inabadilika.

NANI NI NANI

Watu wengi wakisikia mazoezi wanajua fizio peke yake. Fizio anashughulika na misuli, viungo, kukaa, kusimama, kutembea, balansi, hata kifua kikijaa makohozi kwa mgonjwa aliyelala muda mrefu yeye ndo anahusika. Alafu kuna OT, hapa Tanzania wengine wanaita tiba kazi, huyu kazi yake ni shughuli za kila siku, kushika kijiko, kuvaa shati, kuoga, kuandika, mtoto kucheza, na yeye ndo anayejua vifaa, kiti cha kukalia, kijiko chenye mpini mnene, namna ya kupanga choo mzee asianguke. Sijui kwa nini OT anasahaulika hivi wakati ukimuuliza mama yoyote shida yake kubwa ni nini hakwambii "msuli wa paja", anakwambia hali mwenyewe, havai mwenyewe.

Wa tatu ni mtu wa spichi therapi, na huyu ndo adimu kuliko wote hapa nchini. Wengi wanadhani ni wa kuongea tu, kumbe ni wa kumeza pia. Mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa kila akinywa maji, mtoto wa mtindio ambaye uji unatokea puani, hao ni wake. Na mwisho kuna mtaalamu wa viungo bandia, anayetengeneza miguu ya bandia, viatu vya kunyoosha nyayo, mikanda na spilinti, yani vile vifaa vya kuvaa vya kushikilia mkono au mguu ukae sawa. Wengi wa hao wamepita Moshi pale hospitali ya KCMC, kuna chuo kinaitwa TATCOT kipo tangu 1981 na kinapokea wanafunzi kutoka nchi kibao.

Ukipelekwa kwa fizio usione aibu kuuliza, je huyu haitaji OT pia? Usipouliza mara nyingi hakuna atakayekutajia.

MTOTO: LINI USIENDELEE KUSUBIRI

"Kila mtoto na wakati wake" ni kweli, ila ina mwisho. Vipimo vya shirika la afya duniani vinaonyesha watoto wengi sana wanakuwa wamekaa wenyewe bila kushikwa wakifika miezi 9, na wanatembea wenyewe kabla ya mwaka na nusu. Kwaiyo miezi 9 hajakaa, miezi 18 hajatembea, miaka miwili haungi maneno mawili kama "mama maji", nenda. Na nenda siku hiyo hiyo bila kuangalia umri kama alikuwa anaongea maneno ameacha, au alikuwa anakaa sasa hakai.

Kuna dalili moja inapitwa na kila mtu, tena bibi anaifurahia kabisa. Mtoto ana miezi 7 au 8 anachukua kila kitu kwa mkono mmoja tu, mwingine kaukunja ngumi. Watasema huyu mashoto, au huyu wa kulia hasa. Hapana. Chini ya mwaka mmoja mtoto anatakiwa atumie mikono yote miwili, ukiona mmoja hautumiki kabisa peleka akaangaliwe.

Kama mtoto alichelewa kulia siku ya kuzaliwa, alipata manjano kali, au aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali akiwa mdogo, usisubiri hata hiyo miezi. Mwambie nesi wa kliniki mapema. Mtindio wa ubongo mara nyingi unatokana na mambo kama hayo, sio mkosi, sio mama alitembea saa saba mchana akiwa mjamzito. Na hauendelei kuharibu ubongo, kinachoharibika kadri mtoto anavyokaa bila kufanyiwa kitu ni misuli kufupika na nyonga kutoka mahala pake, na hivyo ndo vitu mazoezi yanavyozuia.

Kuhusu mchanga: mchanga unamshikilia mtoto asimame, misuli yenyewe haifanyi chochote, ukimtoa anaanguka vile vile. Na udata, ukizidi unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au baadae kutamka herufi fulani, ila mtoto wa miaka mitatu asiyesema neno hata moja tatizo lake halipo chini ya ulimi. Kabla ya mkasi nenda kapime masikio. Ni kipimo cha kwanza kabisa kwa mtoto asiyeongea na ndo kinachorukwa. Kuna watoto wameitwa wakaidi miaka mingi kumbe hawasikii. Muhimbili tangu 2017 wanapandikiza hadi vifaa vya kusaidia kusikia, ila kwa mtoto aliyezaliwa hasikii faida yake ni akiwahi, akiwa mkubwa sana inakuwa ngumu kujifunza kuongea.

Mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani, wanaita kifundo, huyo asikuumize kichwa kabisa, inatibika vizuri mno ukiwahi wiki za mwanzo. Anafungwa hogo linabadilishwa kila wiki, wiki kadhaa, wengi wanakatwa mshipa mdogo wa kisigino, alafu anavaa viatu vilivyounganishwa na chuma. Hapo kwenye viatu ndo wazazi wengi wanaharibu. Miezi mitatu ya kwanza ni masaa 23 kwa siku, unavua kumuogesha tu, baada ya hapo ni usiku na usingizi wa mchana mpaka ana miaka minne hivi. Mguu ukishanyooka mama anaona mtoto analia bure anavitupa chini ya kitanda, mguu unarudi. Hospitali ya CCBRT Msasani wamefanya hii kazi muda mrefu.

WAPI

Ushauri wangu ambao najua wengine hawatakubali: anza karibu. Amana, Temeke na Mwananyamala zote ni hospitali za rufaa za mkoa na zina fizio. Muhimbili wana kila kitu, MOI pale pale Upanga ndo wenyewe wa mifupa, ajali za bodaboda, mgongo wazi na vichwa vikubwa, CCBRT kwa watoto wenye ulemavu na viungo bandia, na kwa wa huku Kimara na Kibamba kuna hospitali ya Mloganzila. Hizo kubwa nenda ukafanyiwe uchunguzi, upewe jina la tatizo na mpango, operesheni kama ipo. Ila mazoezi ya kila wiki kutoka Chanika mpaka Msasani na mtoto wa miaka sita asiyeweza kukaa, mvua ya Aprili, konda anakwambia mlipie siti yake, utaenda mwezi wa kwanza, wa pili utaruka, wa tatu umeacha. Omba daktari akuandikie rufaa ya kurudi chini, mazoezi ufanye hospitali ya jirani na kule hospitali kubwa urudi kila baada ya miezi kadhaa kuangaliwa.

Kama mna wilichea na mko njia ya Morogoro, mwendokasi ni nafuu kidogo sababu kituo kiko sawa na mlango wa basi, unasukuma unaingia. Epuka tu asubuhi na jioni maana hapo hata mzima anabebwa juu juu.

Kwenye hela: hospitali za serikali mtoto chini ya miaka 5 kwa sera hachangii, na wazee wa miaka 60 kuendelea wasiojiweza pia. Kwa sera, nasema, maana dirishani unaweza kukutana na maelezo mengine. Ukikwama usigombane na mtu wa kaunta, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, kila hospitali kubwa inayo, afisa anakuhoji hali yako na anaweza kukupa msamaha. Nenda na barua ya serikali ya mtaa, itakupunguzia maswali. Wenye bima, piga simu kabla ujue kifurushi chako kinalipia fizio na OT, mara ngapi, na kama kinataka rufaa au kibali kwanza. Vifaa kama viti na spilinti uliza kivyake, vifurushi vingi haviko sawa hapo.

Wale wa kuja nyumbani ni wazuri sana kwa mgonjwa asiyetoka kitandani, ila chuja. Muulize kasoma wapi na leseni yake iko wapi, mtu wa kweli hakasiriki. Siku ya kwanza anatakiwa aulize historia, ampime, aangalie presha, aandike. Akifika anaanza moja kwa moja kuchua na mafuta yake ya kuuza, au anakuahidi "miezi mitatu anatembea huyu", mpe nauli aende. Kuna kituo kimoja cha kulipia tuliwahi kumpeleka baba, anawekewa mashine ya shoti mkononi nusu saa, mhudumu yuko kwenye simu, tunalipa tunaondoka, hata siku moja hakusimamishwa. Kuchuliwa kunalegeza na mgonjwa anafurahia, sikatai, ila misuli inajifunza kwa kufanya kazi yenyewe.

SIKU YA KWANZA

Beba kadi la kliniki la mtoto, karatasi ya ruhusa, picha za CT kama zipo, na dawa zenyewe sio majina ya kukariri. Mvalishe nguo nyepesi, bukta sio suruali ya kubana. Mtoto awe ameshiba na hajalala, ukimleta saa ya usingizi wake atalia mwanzo mwisho na hakuna kitakachopimwa.

Alafu piga video nyumbani kabla. Mtoto anakula, mtoto anajaribu kutambaa, mzee anajaribu kunyanyuka kitandani. Pale hospitali mtoto anamuona mtu wa koti jeupe anaganda, na mzee anajikaza kiume, mtaalamu anaona kitu tofauti kabisa na cha nyumbani. Dakika moja ya video inamsaidia kuliko maelezo yako ya robo saa.

Wakikuuliza unataka nini usiseme "atembee". Sema kitu kidogo cha nyumbani. Mama mmoja tulikuwa tunakaa nae benchi moja alimwambia OT, mi nataka akae mwenyewe kwenye mkeka wakati naosha vyombo, basi. Wakafanyia kazi hicho hicho, wakapanga mto huku, ukuta kule, mtoto kaweza. Na kabla hujatoka omba ufanye zoezi wewe mwenyewe mbele yake akikuangalia, akurekebishe mikono, na umrekodi kwa simu akionyesha. Ukifika Gongo la Mboto umeshasahau goti linakunjwa upande gani.

NYUMBANI, MTOTO

Mazoezi ya kutenga muda yanakufa. Yanayodumu ni yale yaliyoingizwa kwenye mambo yenu ya kila siku. Kubadilisha nepi ndo wakati wa kunyoosha miguu taratibu. Kuoga ndo wakati wa kufungua ngumi. Kumbeba nako: mtoto ambaye miguu inakaza na kupishana kama mkasi usimbebe kama kichanga mikononi, mbebe mgongoni na kanga au kiunoni kwa upande, miguu imepanuka kukuzunguka, hapo nyonga zinafunguka bila wewe kufanya kazi ya ziada. Kanga ya bibi hapa ilikuwa sahihi siku zote.

Kulisha. Jamani kumlaza mtoto chali na kumnywesha uji kwa kiganja, acheni. Kwa mtoto mwenye shida ya kumeza uji unaingia kwenye mapafu, na hizo nimonia zisizoisha nyingi zinatoka hapo. Kaa nae wima, kichwa kimeinama kidogo mbele sio nyuma, kijiko kidogo, subiri ameze ndo uongeze. Uji mwepesi kama maji ndo unapaliza zaidi, mzito kidogo anaumudu. Akimaliza asilazwe, abaki amekaa kama nusu saa.

Na kiti. Hiki ndo kitu kimoja kilichobadilisha maisha nyumbani kwetu kwaiyo niruhusuni nirefushe. Viti maalum vya kununua ni ghali, ila OT akikupa vipimo unaenda kwa mafundi Keko unatengenezewa kwa plaiwudi na sponji ya vipande vya godoro. Fundi hajui mtoto, anajua mbao, ukimwambia "kiti cha mtoto mgonjwa" atakuchongea kochi. Mpe namba. Kina cha kiti ni kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, toa vidole viwili. Urefu kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino, nyayo zote zikanyage ubao, zisining'inie. Upana ni nyonga na nafasi ya kidole kila upande, kikiwa kipana anamwagikia pembeni. Mkanda upite chini kwenye nyonga sio tumboni. Katikati ya magoti weka kigogo kilichovikwa sponji kuzuia miguu kupishana, na mbele meza ya kufika kwenye viwiko. Mpeleke mtoto mwenyewe Keko siku ya kujaribu kabla fundi hajapiga gundi ya mwisho, na kiti kikiisha kipeleke kwa OT akikague. Siku mdogo wetu alipokaa humo mara ya kwanza alichukua kipande cha chungwa mezani akakipeleka mdomoni, muda wote tulikuwa tunadhani mikono yake haiwezi, kumbe alikuwa anaitumia kujishikilia asianguke.

NYUMBANI, MKUBWA ALIYEPATA KIHARUSI

Mkono ulioregea usivutwe. Sio kumnyanyulia mzee kwa mkono huo, sio kumvalishia shati kwa nguvu, bega linachomoka taratibu na maumivu yake hayaishi. Akikaa mkono uwe juu ya mto. Kuvaa anza na upande mgonjwa, kuvua malizia nao. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila masaa mawili, mchana na usiku, pangeni zamu, maana kidonda cha mgongo kikianza mazoezi yote yanasimama.

Akiweza kukaa akae, akiweza kusimama asimamishwe kila siku. Na asifanyiwe kila kitu, najua kwa mila zetu ni heshima kumlisha baba, ila ukimlisha kila siku mkono hautarudi. Mpe kazi za kweli, kuchambua mchele, kumenya chungwa, kukunja leso. Miezi mitatu mpaka sita ya kwanza ndo maendeleo yanaenda haraka, usiipoteze ukizungukia waganga, ila hata baada ya hapo yanaendelea polepole kwa anayefanya kazi.

Asiyeongea hajawa mtoto wala kichaa. Wengi wanaelewa, maneno ndo yamegoma kutoka. Muulize maswali ya ndio na hapana, mpe muda, usimmalizie sentensi. Baba jina langu lilikuwa halitoki ila kaswida anaimba na maneno yake yote, tukadhani miujiza, mtu wa spichi akatwambia hiyo ni kawaida, kuimba kunatumia njia nyingine ya ubongo, na akatufundisha kuanzia hapo hapo. Sasa anaomba maji kwa kuyaimba, wajukuu wanacheka nae anacheka.

Na dawa za presha haziachwi hata akianza kutembea. Presha ndo inaongoza kuleta kiharusi, na cha pili mara nyingi kinakuwa kibaya kuliko cha kwanza.

SHULE NA MENGINEYO

Mazoezi hayafuti shule. Kwa Dar kuna Uhuru Mchanganyiko, Sinza Maalum, Buguruni kwa viziwi, Msimbazi Mseto wana watoto wenye usonji. Anzia kwa afisa elimu maalum wa halmashauri yako na ripoti ya OT mkononi. Mwenye usonji asikudanganye mtu kuna dawa ya kuutoa, kinachofanyika ni kumfundisha mawasiliano na kujitegemea, kuanzia na picha za vitu kama hana maneno, na picha hazimfanyi awe mvivu wa kuongea kama wanavyosema.

Mazoezi yaliyotolewa mwaka jana msiyafanye milele. Mtoto anakua, miguu inarefuka, kiti kinambana. Rudini hata kama hana shida kila baada ya miezi mitatu hivi mpaka minne wabadilishe mpango. Ila msisubiri tarehe kama degedege imeongezeka, kama nyonga moja inamuuma ukimvalisha nepi, kama ngozi imekuwa nyekundu chini ya spilinti na haipotei nusu saa baada ya kuvua, au kama anakohoa kila akila na homa inamrudia rudia. Hiyo ya spilinti msiwaze kuwekea pamba, mvueni muende nayo ikarekebishwe.